Hesabu ya Umeme Nyumbani: Chombo Kipi Kinakula Uniti?



Ukienda soko la Lyulilo, karibu na Matema, siku ya Jumamosi, utawakuta akina mama wa Ikombe na vyungu vyao. Mama mfinyanzi hadanganywi kuhusu chungu. Anakigonga kwa kidole, anasikiliza mlio, na papo hapo anajua kama kina ufa. Akikitazama tu, anajua kitaingia maji kiasi gani.

Lakini mama huyo huyo akinunua umeme wa Sh. 2,000, nao ukaisha kabla ya siku alizotegemea, hana pa kugonga. Atasema, "Umeme umekwisha." Baba atasema, "Ni mita hiyo, inakimbia." Watoto watalaumiwa kwa sababu ya televisheni. Jirani atasema ni pasi. Kila mtu ana lake, na hakuna mwenye hesabu.

Katika somo hili tutajifunza kuhesabu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Wewe uliyehitimu kisomo unaiweza. Chukua kalamu na daftari, kisha tuendelee.

1. UMEME UNAPIMWA KWA NINI?

Mafuta ya taa tunayapima kwa lita. Mchele tunaupima kwa kilo. Umeme tunaupima kwa uniti. Ukinunua umeme wa LUKU unapewa namba 20 za kuingiza kwenye mita. Namba hizo zikikubaliwa, mita inaongezewa uniti ulizolipia. LUKU maana yake ni Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo.

Ili kuijua uniti, tunahitaji mambo mawili.

Jambo la kwanza ni nguvu ya chombo. Nguvu hupimwa kwa wati. Jina hili linatokana na James Watt, fundi mashuhuri wa mitambo kutoka Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1736 na kufariki mwaka 1819. Chombo chenye wati nyingi kinavuta umeme kwa nguvu. Chenye wati chache kinavuta polepole.

Jambo la pili ni muda, yaani chombo kimewashwa kwa saa ngapi.

Fikiria mtungi wa maji. Mtu mmoja ana kata kubwa, anachota mara 1. Mwingine ana kata ndogo, lakini anachota mara 10. Mwisho wa yote, wote wawili wanaweza kuwa wamemaliza maji sawasawa. Wati ni ukubwa wa kata. Saa ni mara unazochota. Uniti ni mtungi wenyewe.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo shina la somo:

Wati 1,000 zikitumika kwa saa 1, ni uniti 1.

Vilevile wati 100 kwa saa 10 ni uniti 1. Na wati 10 kwa saa 100 ni uniti 1. Kwenye risiti utaona herufi kWh. Hiyo ndiyo uniti yenyewe.

2. WATI ZIMEANDIKWA WAPI?

Geuza chombo chako, utazame nyuma au chini. Kuna kibandiko au maandishi yaliyochorwa. Tafuta namba iliyofuatwa na herufi W. Ukiona 1000W, hiyo ni wati 1,000. Kwenye taa namba hiyo huandikwa kwenye shingo au kwenye boksi lake. Usilitupe boksi kabla ya kuliandika daftarini.

Pengine hutaona W. Utaona V na A tu. V ni volti, A ni ampia. Zidisha volti kwa ampia, utapata wati. Mfano: kibandiko kimeandikwa 230V na 0.5A. Basi 230 × 0.5 = wati 115.

Kabla ya kugeuza chombo chochote, kizime na ukichomoe kwanza. Wala usifungue mita. Tunachokihitaji kwenye mita ni namba za mbele tu.

3. NAMNA YA KUHESABU

Hatua ni nne:

(a) Andika wati za chombo.
(b) Zidisha kwa saa zinazotumika kwa siku.
(c) Zidisha kwa siku zinazotumika katika mwezi.
(d) Gawanya kwa 1,000. Jibu ni uniti za mwezi.

Angalizo moja kuhusu saa. Tunahesabu muda, siyo saa ya ukutani. Taa ikiwashwa saa 1 usiku na kuzimwa saa 6 usiku, imewaka saa 5. Taa ya nje ikiwashwa saa 12 jioni na kuzimwa saa 12 asubuhi, imewaka saa 12.

Haya, tujaribu vyombo viwili. Birika la umeme lina wati 2,000. Feni ina wati 50. Kipi kinakula umeme zaidi? Wengi watajibu haraka: birika! Ngoja tuhesabu.

Birika linachemsha maji ya chai kwa dakika 6 kila siku. Dakika 6 ni sehemu ya kumi ya saa, yaani saa 0.1.
2,000 × 0.1 × 30 = 6,000. Gawanya kwa 1,000. Ni uniti 6.

Feni inazunguka saa 8 kila usiku, maana joto la Kyela tunalijua.
50 × 8 × 30 = 12,000. Gawanya kwa 1,000. Ni uniti 12.

Umeona? Birika lina nguvu mara 40 kuliko feni, lakini feni imekula uniti mara 2 zaidi. Anayetazama wati tu amesoma nusu ya habari. Lazima atazame na saa.

4. NYUMBA YETU YA MFANO

Tuchukue nyumba moja ya mwambao wa Kyela, mahali ambapo nguzo zimefika. Mama ni mfinyanzi, Baba ni mvuvi. Nyumba hii ni ya mfano tu, lakini vyombo vyake ni vile tunavyoviona kila siku. Mama amekaa na daftari na kuandika hivi, kwa mwezi wa siku 30:

Taa 4 za ndani, wati 10 kila moja, saa 5: uniti 6.0
Taa 1 ya nje, wati 10, saa 12: uniti 3.6
Redio, wati 10, saa 8: uniti 2.4
Televisheni na king'amuzi chake, wati 60, saa 5: uniti 9.0
Kuchaji simu 2, wati 5 kila moja, saa 3: uniti 0.9
Feni, wati 50, saa 8: uniti 12.0
Pasi, wati 1,000, saa 1, mara 8 kwa mwezi: uniti 8.0

JUMLA: uniti 41.9

Nukta hapo isikutishe. 3.6 husomwa "tatu nukta sita". Maana yake ni uniti 3 nzima na sehemu 6 za kumi za uniti nyingine.

Katika hesabu ya pasi tumechukulia kwamba inavuta wati zote muda wote. Kwa kweli pasi ikipata moto hujizima kidogo, kisha huwaka tena. Kwa hiyo uniti zake halisi huwa pungufu kidogo. Si vibaya. Heri ukosee kwa kuzidisha, baadaye ufurahi.

5. KUTOKA UNITI MPAKA SHILINGI

Bei ya umeme hupangwa na EWURA. Bei hubadilika, kwa hiyo soma risiti yako ya karibuni. Kwa mfano wetu tutatumia bei iliyotangazwa mwaka 2016. Katika bei hiyo wateja wa majumbani waligawanywa hivi:

Mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alilipa Sh. 100 kwa uniti. Akizidi 75, kila uniti ya ziada ni Sh. 350.

Mtumiaji wa kawaida alilipa Sh. 292 kwa kila uniti, tangu ile ya kwanza.

Juu ya bei hiyo kulikuwa na makato yaliyoonekana kwenye risiti: kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, fungu la umeme vijijini (REA) asilimia 3, na fungu la EWURA asilimia 1. Jumla yake ilikuwa asilimia 22. Kwa hiyo uniti ya Sh. 100 ilikuwa Sh. 122 mkononi mwako.

Nyumba yetu imetumia uniti 41.9. Basi 41.9 × 122 = Sh. 5,112 hivi kwa mwezi.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Kuanzia mwaka 2021, kodi ya jengo nayo ilianza kukusanywa kwa njia ya LUKU kwa nyumba zinazohusika. Siku inapokatwa, fedha ile ile inakupa uniti chache kuliko ulivyozoea. Mita haijakosea. Soma risiti mstari kwa mstari, utaona imeandikwa.

6. MITA NI SHAHIDI

Mpaka hapa tumehesabu kwa maneno ya kibandiko. Sasa tumwulize shahidi, yaani mita. Mita ya LUKU huonyesha uniti zilizobaki.

Soma mita leo saa 1 jioni, uandike. Soma tena kesho saa 1 jioni, uandike. Toa. Tofauti ndiyo matumizi ya siku moja. Fanya hivyo siku 7, utajua nyumba yako inakula kiasi gani.

Ukitaka kujua chombo kimoja tu, zima vyote isipokuwa hicho. Soma mita, kiache kifanye kazi saa kadhaa, usome tena. Utaona pia taa ndogo kwenye mita inayopepesa. Umeme ukivutwa sana, inapepesa haraka. Ukivutwa kidogo, inapepesa polepole. Kama umezima kila kitu nayo bado inapepesa, kuna kitu kinavuta umeme bila wewe kujua. Kitafute. Pengine ni televisheni iliyozimwa kwa rimoti tu bila kuchomolewa, au waya uliopelekwa kwa jirani.

Na kama hesabu yako na mita vinapishana sana, usikae kibarazani kulalamika. Nenda ofisi ya TANESCO na daftari lako. Mtu anayesema "mita inakimbia" atasikilizwa. Lakini mtu anayesema "kwa siku 7 nimetumia vyombo hivi, saa hizi, na mita imetoa uniti kadhaa zaidi" atasikilizwa upesi zaidi.

7. JE, TUNUNUE FRIZA?

Sasa tufike kwenye jambo zito. Jioni moja Baba alirudi ziwani na samaki wengi. Soko lilikwisha kuvunjika. Mbasa wengine wakaharibika.

Baba akasema, "Mama, tununue friza. Samaki hawataoza tena, na barafu tutawauzia wenzangu."

Mama akasema, "Ni wazo zuri, Baba. Lakini tuipige hesabu kwanza. Friza si kama redio. Haizimwi."

Friza wanayoitaka ina wati 150. Kama ingefanya kazi saa 24 bila kupumzika, ingekula 150 × 24 = 3,600, yaani uniti 3.6 kwa siku, au uniti 108 kwa mwezi. Lakini friza hupumzika. Ikishapata baridi ya kutosha hunyamaza, kisha hunguruma tena. Je, inapumzika kiasi gani? Kibandiko hakisemi. Mita inasema.

Wakaenda kwa jirani mwenye friza ya namna hiyo. Jirani akazima vitu vyake vingine vyote. Saa 3 asubuhi mita ilisoma 31.20. Saa 9 alasiri ilisoma 30.75. Tofauti ni 0.45 kwa saa 6. Siku nzima ina saa 6 mara 4, basi 0.45 × 4 = uniti 1.8 kwa siku. Kwa mwezi, 1.8 × 30 = uniti 54.

Mama akajumlisha: 41.9 + 54 = uniti 95.9. Akakaa kimya kidogo.

"Baba, tumevuka 75."

"Si uniti 20 tu na kitu?"

"Ndiyo. Ila tazama bei yake."

Mama akaandika. Uniti 75 za kwanza kwa Sh. 100 ni Sh. 7,500. Uniti 20.9 za ziada kwa Sh. 350 ni Sh. 7,315. Jumla ni Sh. 14,815. Ongeza asilimia 22, inakuwa Sh. 18,074.

Tena mambo hayaishii hapo. Mtumiaji mdogo anayezidisha uniti 75 mara kwa mara anaweza kuhamishwa kwenye kundi la mtumiaji wa kawaida. Huko 95.9 × 292 = Sh. 28,003. Ongeza asilimia 22, inakuwa Sh. 34,163 kwa mwezi.

Kutoka Sh. 5,112 mpaka Sh. 34,163! Ongezeko ni Sh. 29,051. Ukigawanya kwa siku 30, ni Sh. 968 kila siku. Hiyo ndiyo fedha ambayo friza lazima iingize kila siku, ili ilipie umeme tu. Bado bei ya friza yenyewe. Bado fundi ikiharibika. Bado siku ambazo ziwa limechafuka na Baba hakutoka.

Baba akasema, "Basi tuache."

Mama akasema, "Sijasema tuache. Nimesema tuhesabu. Tuone kama tunaweza kukaa na friza ndani ya uniti 75."

8. KUPUNGUZA PENYE UZITO

Mtu asiyehesabu hupunguza asipopaswa. Atawakataza watoto kuchaji simu, na simu zote mbili ni uniti 0.9 tu kwa mwezi. Mama alianza na namba kubwa.

Feni: kutoka saa 8 mpaka saa 4. Sasa uniti 6.0
Televisheni: kutoka saa 5 mpaka saa 3. Sasa uniti 5.4
Pasi: nguo zote mara 1 kwa wiki. Sasa uniti 4.0
Taa za ndani: kutoka saa 5 mpaka saa 3. Sasa uniti 3.6
Taa ya nje: haikuguswa, ni ya usalama. Uniti 3.6
Redio: haikuguswa. Uniti 2.4
Simu: hazikuguswa. Uniti 0.9

JUMLA: uniti 25.9

"Feni saa 4 tu, kwa joto hili?" Baba akalalamika.

"Mpaka saa 6 za usiku. Baada ya hapo upepo wa ziwa ndio feni yako."

Ukiongeza friza, 25.9 + 54 = 79.9. Bado wamezidi kwa 4.9. Kilichobaki ni friza yenyewe. Wakainunua, wakaitunza hivi:

Waliiweka kivulini, mbali na jiko, wala jua la dirishani haliifikii.
Waliacha nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, ili joto lake litoke nyuma.
Waliifungua kwa saa maalumu, si kila mtoto anapotaka barafu.
Hawakuingiza kitu cha moto.
Theluji ikiota ndani, waliizima na kuiacha iyeyuke. Hawakuikwangua kwa kisu.
Mpira wa mlango waliupima kwa karatasi: karatasi ikichomoka kirahisi mlango ukiwa umefungwa, baridi inavuja hapo.

Kisha wakapima tena kama walivyopima kwa jirani. Saa 3 asubuhi mita 62.80, saa 9 alasiri 62.40. Ni 0.40 kwa saa 6, yaani uniti 1.6 kwa siku, au 48 kwa mwezi.

25.9 + 48 = uniti 73.9.

Na 73.9 × 122 = Sh. 9,016.

Friza ni ile ile. Nyumba ni ile ile. Sh. 34,163 imekuwa Sh. 9,016. Ila Mama hakushangilia sana. Alisema, "Nafasi iliyobaki ni uniti 1.1 tu. Na mwezi wa siku 31 utatuvusha." Kwa hiyo mwezi wenye siku 31 wanapunguza pasi mara 1 na feni siku 2, nao wanabaki chini ya 75.

Namba ya kushika kichwani ni hii: 75 gawanya kwa 30 ni 2.5. Nyumba inayotaka kubaki chini ya uniti 75 isizidi uniti 2.5 kwa siku.

9. KWA WENYE SOLA

Je, wewe ambaye nguzo hazijafika kwako? Hesabu ni hii hii. Tofauti ni kwamba mtungi wako ni betri. Zidisha volti za betri kwa ampia-saa zake. Betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina 12 × 100 = 1,200, yaani uniti 1.2. Betri za aina ya gari, zenye maji ya asidi, huharibika upesi zikikaushwa mno. Tumia nusu tu, yaani 600.

Tazama: taa 4 za ndani kwa saa 5 ni 200, taa ya nje ni 120, redio 80, simu 30. Jumla ni 430 kwa siku. Betri inaweza. Ongeza feni ya wati 50 kwa saa 8, ambayo ni 400. Sasa ni 830, umepita 600. Fundi akikuambia mtambo wake "unawasha kila kitu", mwonyeshe hesabu hiyo kabla ya kutoa fedha.

10. MAMBO YA KUKUMBUKA

Wati zidisha kwa saa, gawanya kwa 1,000, ndiyo uniti.
Chombo kidogo kinachokesha kinaweza kushinda chombo kikubwa cha dakika chache.
Hesabu kabla ya kununua chombo, siyo baada.
Kibandiko ni ahadi. Mita ni shahidi.
Punguza penye namba kubwa.

MAZOEZI

Fanya peke yako, kisha mlinganishe majibu katika kikundi chenu.

1. Taa ya zamani ya wati 60 inawaka nje saa 12 kila usiku, siku 30. Inakula uniti ngapi? Ukiibadilisha kwa taa ya wati 10, utaokoa uniti ngapi? Kwa Sh. 122 kila uniti, ni shilingi ngapi?

2. Kinyozi ana mashine ya wati 15. Anaitumia saa 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Ni uniti ngapi?

3. Jiko la umeme lina wati 2,000. Linatumika saa 2 kila siku, siku 30. Ni uniti ngapi? Je, peke yake linazidi 75?

4. Jumatatu saa 1 jioni mita ilisoma 52.4. Jumanne saa 1 jioni ilisoma 50.9. Nyumba imetumia uniti ngapi? Ikiendelea hivyo, uniti zilizobaki zitatosha siku ngapi?

5. Kazi ya nyumbani: andika vyombo vyote vya nyumba yako, wati zake na saa zake. Kisha soma mita siku 7 mfululizo. Je, daftari na mita vinakubaliana?

MAJIBU

1. Uniti 21.6. Utaokoa uniti 18, yaani Sh. 2,196 kila mwezi.
2. Uniti 2.34.
3. Uniti 120. Ndiyo, linazidi 75 kwa uniti 45.
4. Uniti 1.5. Zitatosha siku 33, na kidogo kinabaki.
5. Jibu la swali hili unalo wewe mwenyewe, nyumbani kwako.